Kisu cha Kuchongea Penseli

Nilimdanganya mwenye duka kwamba nataka kisu cha kuchongea penseli za wanafunzi. Alinitazama usoni, akalitazama tumbo langu ambalo lilikuwa limeanza kuonekana, kisha akaniuliza kama penseli zenyewe ni za mianzi. Nikamwambia anionyeshe visu, maswali akamuulize mkewe. Nikiogopa huwa mkali. Hata leo wanangu wakinisikia nafoka bila sababu huulizana, "Mama anaogopa nini?"

Na siku ile niliogopa kweli. Kulikuwa na mtu ananifuata.

Mimi ni mtu wa Tabora. Kwetu nchi imelala, mtu akija unamwona tangu akiwa mdogo kama kuku, unapata muda wa kuamua kama utamkaribisha au utaingia ndani ufunge mlango. Rungwe si hivyo. Nilipopelekwa huko kufundisha, miaka ile ya vijiji vya ujamaa na elimu ya watu wazima, nilikuta nchi iliyosimama wima, migomba imesongamana hadi mlangoni, mvua inanyesha kana kwamba imelipwa, na asubuhi ukungu mzito unaokuachia miguu yako tu. Mtu anaweza kuwa nyuma yako karibu kabisa na usimwone. Baridi niliizoea. Ndizi za kupika nilizoea, nikazipenda. Ila kule kutokuona mbele wala nyuma sikukuzoea.

Nikaolewa huko huko, na kijana wa Lufingo aliyekuwa karani Mbeya na kurudi nyumbani Jumamosi. Tulipewa nyumba jirani na kwao. Mama mkwe alikuwa akija kila siku na ndizi, au maziwa, au maneno. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kinyakyusa changu kidogo zaidi, kwa hiyo mengi tuliyasema kwa mikono. Baba mkwe sikuwahi kumwona hata mara moja. Siku ya harusi yenyewe hakutokea mbele yangu. Nilipomuuliza mume wangu, alisema, "Baba hatakuja kwetu. Usishangae, ndivyo tulivyo," akarudi kwenye redio yake. Nikaitikia. Lakini nilikuwa nimeshajijibu mwenyewe: mzee hanitaki. Mimi mgeni, sijui hata kusalimia vizuri kwa lugha yao, na mwanawe amesilimu kwa ajili yangu. Nisingemlaumu. Liliniuma, nikalimeza, nikaendelea na kazi.

Shule yangu ilikuwa upande wa Nkunga. Kutoka nyumbani unateremka katikati ya migomba hadi mtoni, unavuka juu ya gogo lililolazwa kama daraja, kisha unapanda. Asubuhi nilipita peke yangu, na jioni pia peke yangu, maana baada ya watoto nilifundisha watu wazima kusoma, na hao walikaa kule kule juu.

Kwanza nilisikia kikohozi. Kikohozi kimoja kikavu, nyuma yangu, ndani ya ukungu. Nikasimama nimsubiri mwenzangu tuongozane. Hakuja mtu. Nilipoanza kutembea, nikasikia majani makavu ya mgomba yanakanyagwa. Nikasimama, nayo yakanyamaza. Nilijiambia ni ng'ombe. Ng'ombe gani anasimama ukisimama?

Siku zilizofuata nikaanza kumwona vipande vipande. Mara pindo la koti refu la kizamani, mara kofia, mara fimbo. Nikigeuka ghafla, yeye huwa ameshaingia kwenye migomba. Mara moja nilimshtukiza pasipo na mahali pa kuingia, kwenye kona, na alichofanya ndicho kilichoninyima usingizi: alinipa mgongo, akasimama ameuelekea ukuta wa udongo kando ya njia, ametulia kabisa, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mtu mwema haufichi uso wake. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilikimbia hadi shuleni na tumbo langu nimelishika kwa mikono miwili.

Tena mwaka ule maneno ya mumiani yalikuwa yamepanda milima. Ilisemwa wapo watu wanaotega njiani, wanakamata watu na kuwanyonya damu ikauzwe mbali, na kwamba damu ya mwanamke mjamzito ndiyo wanayoitaka zaidi kwa sababu ni damu mbili. Katika chumba cha walimu tulicheka sana. Mwalimu mkuu alisema huo ni ujinga, na ujinga ni mmoja wa maadui zetu watatu. Nilicheka na wenzangu. Tatizo ni kwamba wenzangu walikuwa wanalala pale pale shuleni, mimi ndiye niliyekuwa na mto wa kuvuka.

Jumamosi moja mume wangu hakuja. Ofisi yao ilikuwa imemtuma Chunya, na haikujulikana atarudi lini. Nikaona siwezi kungoja. Nikamfuata mama mkwe jikoni kwake, nikamkuta anamenya ndizi.

"Mama," nikamwambia, "kuna mtu ananifuata njiani. Mwanamume. Amevaa koti refu, ana fimbo."

Alisimamisha mikono. Akainamisha macho, midomo ikamchezacheza.

"Ee," akasema. "Yule. Umwogope."

"Nimwogope?"

"Umwogope sana, mwanangu. Usimtasame usoni. Akija mbele, wewe toka njia, jifiche kwenye migomba. Usiseme naye."

"Kwani ni nani, mama?"

Akajifunika mdomo kwa kiganja, kiganja kimejaa utomvu wa ndizi, akatikisa kichwa. "Wewe huwesi kumtaja." Kisha akanipigapiga goti, kwa upole kabisa, "Ukimwogopa visuri, utakaa visuri."

Nilitoka pale bila kuaga. Kumbe anajulikana! Kumbe yupo, ana mazoea, watu wazima wanaishi naye na wanajifunika mdomo! Nililia njia nzima hadi kwangu, na nilipomaliza kulia nikavaa viatu, nikashika njia ya Tukuyu kununua kisu.

Mwenye duka huyo tulifahamiana. Sisi Waislamu hatukuwa wengi pale mjini, na mgeni yeyote aliyeingia na mtandio kichwani alijua kesho yake atakuwa ameulizwa kwao ni wapi na anaolewa lini. Alikuwa mtu wa mizaha. Siku zile rafu za maduka zilikuwa zimeanza kuonyesha mbao, sabuni ilikuwa ya kuulizia kwa kunong'ona, lakini yeye alikuwa na sanduku chini ya kaunta, na humo kulikuwa na vitu ambavyo havikuwa na ndugu: kufuli bila ufunguo, saa bila mshale, na visu vya kukunja. Akanitolea vitatu, akavipanga juu ya gazeti.

Cha kwanza kilikuwa na mpini wa pembe, na ndani yake kilikuwa na ukoo mzima: kisu kikubwa, kisu kidogo, cha kufungulia kopo, msumari uliojisokota. Nikakitia kwenye mfuko wa gauni, gauni likavutwa upande mmoja. Mtu angeniona naenda angejua nimebeba chuma.

Cha pili kilikuwa na mpini wa mti na pete ya chuma shingoni. Ukikifungua unaizungusha ile pete, na kisu hakijifungi tena hadi uizungushe kuirudisha. "Hiki ndicho," akasema. "Hiki hata ukipiga nacho ubao, vidole vyako salama." Nikajaribu. Kilifunguka kwa tabu, ilibidi nikivute kwa ukucha wa mkono mwingine, kisha bado pete. Nikajiona niko njiani, mtu yule anakuja, na mimi nazungusha pete kama ninayefungua chupa ya dawa. Zaidi ya hapo, kilitaka mikono miwili. Mimi nilitaka mkono mmoja ubaki tumboni.

Cha tatu kilikuwa chembamba, bapa, cha chuma kitupu, kimeshikwashikwa na watu hadi springi imelegea. Nikakisukuma kwa dole gumba tu, tak, kikafunguka. Nikakifunga, nikakifungua. Tak.

"Hicho laini mno, mwalimu," akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Kinafunguka upesi na kinajifunga upesi. Ni cha kumenyea chungwa. Ukikisukuma kwenye kitu kigumu kitakugeukia mwenyewe."

"Penseli si kitu kigumu."

"Haya," akasema. "Penseli."

Nilikilipia, akakifunga kwenye kipande cha gazeti, na aliponipa alishika kidogo, hakuachia mara moja. "Nyumbani ni kwema?" Nikamwambia ni kwema. Ningemwambia nini? Kwamba mimi, niliyefundishwa chuoni na kukabidhiwa watoto wa taifa, namkimbia mumiani?

Nguo za wanawake hazikushonwa zikifikiria vita. Usiku ule nilifumua pindo la gauni langu la shule nikashona mfuko wa ndani, upande wa kulia, mdomo wake chini kidogo ya kiuno ili mkono uangukie hapo wenyewe. Kisha nikajifungia chumbani nikafanya mazoezi mbele ya mlango. Mkono wa kushoto tumboni, wa kulia mfukoni, tak. Nilikwenda na kisu kile kila mahali, kisimani, mkutanoni, chooni. Darasani nilikitumia kuchonga penseli kweli, uongo wangu usije ukanishinda, na watoto walipenda mlio wake hata wakawa wanavunja ncha makusudi.

Lakini hofu haikupungua, na hili sikulitegemea. Kabla ya kisu niliogopa kuuawa. Baada ya kisu niliogopa kuuawa na niliogopa kuua. Nilianza kupanga. Nikiwa naandika herufi ubaoni, nilikuwa najiuliza koti la mtu yule lina uzito gani, kama ncha itapita. Nilimwogopa yule mtu, nikajiogopa na mimi.

Na kikohozi kiliendelea, kila asubuhi.

Siku yenyewe ukungu ulikuwa mzito kuliko kawaida, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilishuka kwa uangalifu nikishika mashina. Karibu na mto nikakisikia kikohozi, na safari hii kilikuwa karibu, upande wa kushoto, si nyuma. Alikuwa amenizunguka. Alikuwa anakaribia gogo kabla yangu. Nikaelewa, au hofu ilielewa kwa niaba yangu, kwamba leo ndiyo leo, anataka kunikamata pale darajani ambapo siwezi kukimbia mbele wala nyuma.

Sikumsubiri. Sijui nilipata wapi miguu. Niliingia mwenyewe kwenye migomba, mkono tumboni, kisu kimefunguka, na nilipouona ule ubavu wa koti ukijivuta nyuma ya mgomba nikapiga kutoka juu kwenda chini kwa nguvu zangu zote, huku nikipiga kelele, "Mumiani! Mumiani!"

Nilipiga mgomba. Kisu kiliingia kwenye shina hadi nusu, kikakwama, mkono wangu ukaendelea kushuka, na kisu kikajikunja juu ya vidole vyangu. Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia joto, nikaona damu yangu inachanganyika na maji ya mgomba na kuteremka hadi kwenye kiwiko. Nikakaa chini kwenye matope. Kelele zilikuwa zimeniishia. Nilikuwa nimeshika tumbo kwa mkono mzima, nikingoja, na wazo langu lilikuwa moja tu, kwamba sasa hata hana haja ya kunikata, damu ameshaipata.

Akatoka nyuma ya mgomba. Alitoka kinyumenyume.

Naomba mnielewe, sijawahi kuona kitu cha kutisha kama kile. Mzee mrefu, koti limelowa, kofia ameivuta hadi masikioni, anakuja kwangu kwa mgongo, hatua moja, hatua nyingine, akipapasa ardhi kwa kisigino, na mkono wake mmoja ameunyoosha nyuma kunielekea. Kwenye ule mkono kulikuwa na kitambaa. Nilikisikia kikichanika muda mfupi kabla, lakini sikujua ni nini. Ilikuwa bitana ya koti lake.

"Funga damu," akasema, akiielekea migomba. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. "Funga damu kwansa. Usinitasame, mwanangu, usinitasame. Mimi baba. Baba wa mume wako."

Nilikipokea kile kitambaa kwa sababu kilikuwa karibu, si kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Nilifunga kwa mkono na meno. Kuelewa kulikuja taratibu, kukaanzia jikoni kwa mama mkwe. Wanyakyusa wana neno, ukutila. Mke wa mtoto na baba mkwe wanatilana: hawatazamani, hawazungumzi, hawapiti njia moja, akitokea mmoja mwingine anajificha, na mke hatamki hata jina la mzee. Ndiyo heshima yao kubwa kuliko zote. Lakini ukimwomba mtu wa Lufingo alitafsiri neno hilo upesi kwa Kiswahili, atakwambia ni kuogopa. Kumbe mama mkwe alinieleza kila kitu, tena kwa furaha. Alidhani mwanawe ameshanifundisha. Midomo yake haikuwa inatetemeka siku ile, alikuwa anazuia kicheko cha mtu aliyefurahi kwamba mkwe wake mgeni anauliza namna ya kumheshimu mzee.

Na mzee alikuwa amekaa na heshima hiyo kwenye matope na mvua, kila asubuhi na kila jioni.

"Ulitelesa pale kwenye mti," akasema. Bado alikuwa amenipa mgongo, ila sasa alikuwa amechuchumaa, kichwa ameinamisha. "Mwesi ule. Ulipiga magoti."

Nilikuwa nimeteleza, kweli. Siku za mwanzo kabisa za mimba nilianguka kwenye lile gogo, nikapiga magoti, nikainuka nikaangalia huku na huku, na kwa kuwa hakuna aliyeniona sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Akainuka, akaking'oa kisu kwenye ule mgomba, akakifuta kwa jani, akakigeuza mkononi. Nilisikia tak yake. Akakifungua tena, akakifunga tena, kama mtu anayekagua jembe la kuazima. Kisha akakunja jani, akakiweka ndani yake, akakilaza juu ya jiwe kando ya njia, akasogea mbali ili nikichukue, maana hawezi kunipa mkononi.

"Hiki cha kumenyea viasi," akasema. Kisha sauti yake ikashuka sana. "Na huyo wa ndani? Hakuumia?"

Nilitaka kumjibu, nikakumbuka siruhusiwi kusema naye. Nimeshampigia kelele za mumiani, nimeshataka kumuua, na sasa ninaogopa kumsemesha! Nilikaa pale na mkono umefungwa bitana ya koti la watu, nikilia kwa sauti kama mtoto. Na mtoto mwenyewe, yule wa ndani, ambaye alikuwa ametulia tangu nilipoanza kukimbia hadi nikawa siwezi hata kujiuliza, akajigeuza. Akapiga mara moja, chini ya mbavu.

Nikapata la kufanya. Nikaliinamia tumbo langu.

"Mwanangu," nikaliambia, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi kwenye migomba, "umecheza? Umecheza, eeh? Haya, tulia. Babu yako anakuulizia."

Migomba ikawa kimya. Nilisikia mvua tu. Nikaogopa nimekosea tena, nimevunja kitu ambacho hata sijui kinavunjikaje. Nikachukua kisu changu juu ya jiwe, nikainuka nikijishikilia, nikarudi njiani na kuliendea gogo, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kupita njia ile nilitamani kusikia hatua nyuma yangu. Nilifika ukingoni. Gogo lilikuwa linang'aa kwa maji, mto chini yake umejaa, na miguu yangu ikakataa kabisa.

Ndipo sauti yake ikatoka kwenye ukungu, ya ukali kidogo, ya mzee anayemwelekeza mjukuu.

"Wewe mtoto! Mwambie mama yako avue viatu. Apite upande wa kusoto, pale pana ganda. Asitasame maji. Babu yuko hapa."

Nikavua viatu, nikapita kushoto.